Soda Baridi kwa Wifi

"Wifi, nitolee soda nyingine. Koo limekauka utadhani nimemeza majivu."

Bi Pasi aliacha shuka nusu limenyooshwa, akaenda kwenye friji kwa mwendo ambao siku nyingine Bosi angeulipia kwa matusi asiupate. Akachagua ya chungwa, tamu kuliko zote, akaifuta umande kwa aproni yake.

"Kunywa, wifi yangu. Joto la leo si la kawaida."

Bosi akaishusha kwa mikupuo, akapumua, kisha akainuka kwenda tena msalani. Wafuaji walicheka wakasema Bosi amegeuka bomba. Bi Pasi alicheka nao, macho yakiwa kwenye chupa tupu.

Duka hilo la dobi walilianzisha yeye na mumewe, kwa pasi moja na mabeseni ya kuazima. Mume alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, dada wa marehemu, huyu Bosi, alifika na kufuli jipya. Akasema damu ni damu, mke ni mpita njia. Tangu hapo Bi Pasi alisimama nyuma ya meza aliyoinunua mwenyewe, akinyoosha na kukunja mashuka ya nyumba za wageni. Rundo lilipopungua, Bosi alikwenda kutafuta jingine. Kuomba kiti kulikuwa kosa. "Kukaa ni kwa wagonjwa," alisema Bosi.

Ugonjwa nao ukasikia ukaja. Bi Pasi alipogundulika ana kisukari, Bosi aliutangaza mbele ya wateja kama habari ya harusi. Ulafi huo, alisema. Mtu analamba sukari kwa siri kama sisimizi. Akambatiza Wifi Sukari. Watu wakacheka, na Bi Pasi akacheka pia, kicheko cha mtu anayetunza meno kwa siku nyingine.

Kliniki walimweleza tofauti. Nesi mmoja mnene, mcheshi, alimwambia si suala la kulamba tu. Ndani ya kongosho, alisema, mna seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na moja ya kazi zake ni kuikunja insulini ikae sawasawa kabla ya kutoka kwenda kuituliza sukari ya damu. Mzigo ukizidi siku hadi siku, seli huelemewa. Hukunja ovyo. Vilivyokunjwa ovyo hurundikana mlangoni, na mwisho seli nyingine huchoka zikafa. Unene huchangia, kurithi huchangia, kukosa usingizi na mawazo navyo vimo. Isipotibiwa, alimaliza, sukari huua hisia za miguu.

Nesi hakumtaja mtu. Bi Pasi ndiye aliyemtaja, kimoyomoyo, njia nzima ya kurudi. Mzigo aliujua. Mlundikaji alimjua hadi manukato yake.

Ndiyo maana Bosi alipoanza kukonda, kunywa maji kama mchanga na kulalamika kwamba maandishi ya vibao yanacheza, Bi Pasi alielewa kabla ya mtu yeyote. Yeye mwenyewe alianza hivyo hivyo. Akafunga mdomo. Na akahakikisha friji haikosi soda.

Siku hiyo ya soda ya chungwa umeme ulikatika mchana, wakarudia pasi za mkaa. Bosi alikaa kwenye kiti chake katikati ya chumba, kandambili mguuni, akipokea sifa. Mfuaji waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimwi, alimzunguka akimpima kiuno kwa macho.

"Bosi, umerudi usichana. Hebu tupe siri."

"Siri ni kufunga mdomo," alisema Bosi, akamtupia jicho Bi Pasi. "Si kama wengine, wanakula mpaka damu inakuwa sharubati."

Chumba kikaangua kicheko. Ndipo harufu ikaja.

"Nani anaunguza?" Bosi akageuka. "Wifi Sukari, shuka la watu hilo."

Bi Pasi akainua pasi yake. Shuka lilikuwa jeupe, safi. Akafuata harufu kwa macho mpaka sakafuni. Pasi ya pili, iliyowekwa kwenye kigae ipate moto, ilikuwa imeegemewa na mguu wa Bosi. Kidole kidogo kilikuwa kimebanwa kwenye ubavu wa chuma. Ngozi ilikuwa inajikunja. Na Bosi alikuwa anaendelea kusimulia alivyoacha mkate.

Neno lenyewe fupi: mguu. Bi Pasi hakulisema. Alilikunja shuka pembe kwa pembe, akalipangusa, akaliweka juu ya mengine. Akavuta jingine. Hii ndiyo siku aliyoiota akiwa amesimama na miguu imevimba.

Lakini katika ndoto zake kulikuwa na kilio. Sikuzote Bosi alilia. Huyu alikuwa anacheka, kidole kinaiva, hana habari. Kisasi gani hiki ambacho mwenyewe hajafikishiwa? Bi Pasi aliona anaibiwa kwa mara ya pili.

"Wifi," alisema, si kwa huruma, bali kwa kutaka ajue. "Tazama mguu wako."

Bosi akatazama. Akauvuta taratibu, kama anavuta kitu cha mtu mwingine. Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika.

"Mbona hauumi?" Bosi aliuliza, akiuliza chumba kizima. Kisha akamwangalia Bi Pasi peke yake, akayaona macho yasiyoshangaa. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kukusifu umekonda."

Bosi alifungua kinywa kutukana, tusi likakosa pa kushika. "Nitakatwa?" alinong'ona.

Bi Pasi alikwenda uani, akarudi na karai la maji, akapiga magoti sakafuni, jambo ambalo magoti yake yalilalamikia. Akaushika mguu ule kwa kisigino, ukiwa mzito, akauingiza.

Bosi alifumba macho akisikilizia. Akayafumbua.

"Wifi," alisema, sauti ndogo ambayo duka hilo halijawahi kuisikia. "Maji haya ni ya moto au ya baridi?"

Bi Pasi aliinua uso akamtazama. Mkono wake ulikuwa umezama hadi kwenye kiwiko. Jibu alilijua. Akauacha mguu uloane, akamwacha angoje.