Ukuta Wenye Tumbo

…lakini huenda ni moyo wake mwenyewe, si lori, moyo nao hunguruma mtu akijifungia mahali pasipo dirisha, Jenista akajiambia, akabandika kiganja ukutani na ukuta ukamjibu, drr, drr, ni lori lile lile, limesimama kwenye foleni ya mpakani tangu asubuhi bila kuzima injini, halafu akaegemeza sikio, na dereva akampigia mwenzake kelele, mulishani, salamu ya Wazambia, neno zima, limekuja na mkia wake, ndani ya chumba cha kurekodia ambacho hakikupaswa kupitisha hata kikohozi. Jaribio lilikuwa jepesi. Yeye ndani, mlango mzito umefungwa, mama na fundi Andongwisye nje upande wa barabara, mama aite jina lake mara tatu, akisikia agonge mlango, asiposikia akae kimya. Mama alikwisha kuita mara mbili, na mara zote mbili Jenista hakugonga, akijidanganya kwamba hakusikia vizuri, kwamba sikio likizoea kimya litatulia… sentimita kumi, alimwandikia fundi kwa kalamu nyekundu, kuta mbili, katikati pawe tupu, zisigusane hata kwa tone la udongo, sauti hupita kwenye kinachogusana, na Andongwisye akacheka, dada, kuta mbili za nini, unamficha nani humo, na jirani naye, si ubandike tu trei za mayai kama wenzako, lakini yeye kila mstari wa matofali aliupima kwa futikamba, kila mstari, isipokuwa zile siku tatu alizokwenda Mkwajuni kuwaomba akina mama wa machimboni waje Tunduma warudie maneno yao, kwa sababu televisheni ya Dar ilimrudishia filamu yake ya machimboni, picha nzuri, walisema, ila sauti za wanawake zimemezwa na mashine za kusaga mawe, tunakupa hadi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ni wiki mbili, na wale akina mama wanafika kesho kutwa, wameacha karai zao kwa ajili yake, na chumba hiki ni jiko la mama lililobomolewa, mama anapikia uchochoroni akifukuzana na moshi, na siku tatu tu, amerudi akakuta ukuta umefika juu, umepigwa lipu, laini kama shavu… ulifanya nini, Andongwisye, ulifanya nini siku tatu…

Hasikii, alisema mama, sauti nzito kidogo, kama inatoka mtungini, lazima ameegemeza mgongo papo hapo, mara ya pili hii.

Si nilikwambia, mama, ukuta huu hata bomu.

Usije ukamwambia tulijaza.

Mimi tena? Anipasue kichwa na futikamba yake!

Wakacheka, mama akacheka, Jenista hakumbuki lini mara ya mwisho… tulijaza, tulijaza nini, damu ikampanda hadi masikioni, mkono ukawa ngumi. Ndoo zote zile za kifusi nilibeba mwenyewe, mama alikuwa akisema, na mgongo huu, kwa sababu baba yake alilala siku nne chini ya ardhi kule Mkwajuni, walituambia juu pameshiba, kumbe chini patupu, sasa mwanangu naye aketi kutwa nzima kando ya ukuta wenye tumbo tupu? Hapana, fundi. Hapana… na Jenista akamwona mama kila nyumba wanayoingia, hata ya mchungaji, kabla ya kuketi anapiga sakafu kwa kisigino, ko, ko, anatega sikio, ndipo anaketi, na yeye, msomi wa sauti, alimwonea aibu, hakuuliza hata siku moja anasikiliza nini, miaka minne chuoni Mlimani akifundishwa kugonga na kutega sikio, na mwalimu alikuwa nyumbani na kisigino chake… kuubomoa, haiwezekani, sementi imekwisha kukamata, kujenga mwingine kwa ndani, chumba kitabaki kama kabati, wiki mbili, kesho kutwa, Mungu wangu, wote wawili wanagonga ukuta, mmoja anautafuta utupu, mwingine anaukimbia…

Jenista! Jenistaaa!

Ya tatu. Jina lote, na ile a ya mwisho ambayo mama huivuta kama anavuta mtoto kutoka shimoni. Ngumi ilikuwa juu, mbele ya mbao za mlango, ilibaki kugonga tu. Lori lilinguruma. Akaifungua ngumi taratibu, kidole kwa kidole, akaziba kinywa chake kwa kiganja kile kile, maana kilio nacho kingepita, kingempata mama mgongoni.

Hasikii, akasema mama nje, kama mtu aliyetua ndoo ya mwisho.