Kifua cha Fundi

Alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile miaka kumi na mmoja kabla hajahamishiwa wodi ya wazazi, ndiyo maana hata madaktari walimwita Bi Povu. Alifundishwa wiki mbili: kukaa na wajawazito, kuwasugua mgongo uchungu ukizidi, kuwatunzia wachanga joto.

Mchana huo mvua ilikuwa imetoka kupita, na mwanga uliingia wodini laini kama maziwa. Mtoto wa kiume alikuwa ametolewa kwa upasuaji kabla ya siku zake, kilo moja na nusu, na mama yake bado alikuwa anashonwa. Bi Povu akamgusa nyayo. Baridi. Akamwita muuguzi, naye akapima joto: nyuzi thelathini na tano.

"Mashine za joto zimejaa," muuguzi akasema. "Baba yake yupo?"

Alikuwepo kwenye benchi la nje, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miraba minne, amejikunyata.

"Mwanangu, nawa mpaka kwenye viwiko, kisha vua shati," Bi Povu akamwambia.

"Mama, mikono hii imezoea chuma. Nitamvunja."

"Wewe kaa tu. Kazi ya kuegemea ni yake."

Akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akamvisha kofia, akawafunga wote wawili kwa shuka.

Fundi hakuthubutu hata kumeza mate. Pazia lilijaa upepo, likatulia, likajaa tena, na pumzi zao zikaanza kwenda pamoja, ile kubwa ikiibeba ile ndogo. Bi Povu aliona kana kwamba wodi nzima imeng'oka taratibu na kuelea, vitanda, mabeseni na yeye mwenyewe, na hakuna aliyeshtuka. Toroli lilipita koridoni, likasikika kama liko chini ya maji.

"Ananitekenya," fundi akanong'ona.

"Anatafuta ziwa. Mwambie ukweli."

"Nisamehe, baba. Duka hili halina kitu."

Baada ya saa nzima kipimo kilisoma thelathini na sita na nusu. Bi Povu akageukia dirisha, akajifanya ananyoosha pazia, akafuta macho.

Mama mtoto aliletwa kwa kitanda cha magurudumu, bado ana usingizi wa dawa. Aliwatazama.

"Naota?"

"Huoti, mwanangu. Ni wako wote wawili."

"Miaka minne ya ndoa," akasema polepole, "sijawahi kumwona amenyamaza hivi."

Mumewe akafungua mdomo ajibu, akamtazama mtoto aliyelala, akaufunga.