Sikio la Baba

Mwekezaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliuliza swali wanaloliuliza wote: "Wenye mitaji mikubwa wakiamua kuwaiga kesho, nyinyi mna nini wasichokuwa nacho?"

Binti wala hakubabaika. "Tuna sikio la baba yangu."

Alijigamba, na kwa nini asijigambe? Mzee alitengeneza pampu za maji miaka thelathini. Mota ikiunguruma tu, anakwambia beringi imekwisha au waya umeungua, hata skrubu hujagusa. Mwaka mzima binti alirekodi miungurumo, maelfu kwa maelfu, na kila mmoja baba akautajia ugonjwa wake. Programu yao ya simu, ya kutambua ubovu wa pampu kwa mlio, ikajifunza humo. Nani angewaiga hapo?

"Basi tujaribu," mwekezaji akasema. Zikaletwa pampu tatu mbovu. Simu ikakosea ya kwanza. Ikakosea ya pili. Ya tatu ndiyo usiseme.

Binti akamgeukia mzee aliyekaa nyuma yake. "Baba, hii ina nini?"

Mzee akatabasamu tu.

"Baba!"

Akawa anamtazama midomo. Ndipo binti akaelewa. Jamani, mwaka mzima wamekaa meza moja, yeye kajiziba masikio kwa vipokea sauti vyake, asijue kwamba baba yake hasikii!

Akamweleza mwekezaji ukweli. Yule mama hakufoka. "Wazo lenu zuri. Tafuta fundi mwingine, rekodi upya, mrudi baada ya miezi sita."

"Nitamtafuta," binti akaitikia haraka haraka, mikono miwili kifuani kwa shukrani.

Kwenye korido alimshika mzee mabega, akatamka polepole: "Tangu lini?"

"Kabla hujaanza, mama. Nyingine nilizipata kidogo nikigusa mota. Nyingine nilibahatisha."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee alikuwa akikunjakunja kofia yake. "Tangu karakana ifungwe, nani alinihitaji? Ukaja wewe, ukasema kila kitu ni mimi. Nikaogopa. Nilijua ukigundua, utatafuta fundi mwingine."

Binti akafungua mdomo amwambie hapana, baba, ningewezaje. Lakini hazijapita hata dakika tano tangu aitikie, "Nitamtafuta." Akaufunga, akalia pale pale ukutani, na mzee akawa anamuuliza, "Kwani wamesemaje mle ndani, mama? Wamesemaje?"