Bastola ya Mkiani

Kamati iliyobuni bastola mpya ya jeshi ilikaa Gitega miezi minane, ikanywa chai, ikaamua hivi: kwato haziingii kwenye kifyatuo, makucha yanakwama, mabawa ndiyo kabisa, kwa hiyo silaha ifungwe mkiani. Kila mnyama ana mkia, wakasema. Kila mnyama! Sijui walimsahau pimbi au hawakutaka tu kumkumbuka.

Koplo Gaudensia alikuwa pimbi. Nyuma yake palikuwa laini kama kiazi. Barua ilipofika kwamba askari wote wa kituo cha mpakani Muyinga waende Gitega Ijumaa kulenga shabaha kwa bastola hiyo, na atakayeshindwa avue gwanda, alikaa chini akalia. Alikulia Tanzania, huko akaitwa mkimbizi. Aliporudi Itaba kwa wazazi wake, akaitwa mgeni. Gwanda ndilo lililowafumba majirani midomo.

Kesho yake akaenda sokoni Muyinga kwa Uthmani, ndege mnana, fundi wa kusuka ambaye vikapu vyake havivuji hata ukitia uji.

"Shikamoo fundi. Naomba unisukie mkia."

Uthmani akamzunguka mara mbili, akampima kwa mdomo. "Ya mapambo ao ya kazi?"

"Wa kazi. Utabeba bastola."

"Yoo! Dada, mi sijafungwa hata siku moja, na sitaki kuanza leo." Lakini alipoona macho ya Gaudensia yamejaa machozi, akashusha pumzi. "Bon. Keti. Ila ukiulizwa, mi sikujui."

Alisuka katani siku tatu, akapitisha kamba hadi mguu wa kushoto: kisigino kikirudi nyuma, mkia unavuta kifyatuo. Ulikuwa mkia kweli, mnene, mweusi, wa kumtia nyani wivu.

Ijumaa, Gitega, Gaudensia akapiga risasi tano, na zote tano zikaingia kwenye shabaha. Akaanza kupumua.

Sasa sikiliza ujinga. Koloneli Audax, mbwa mzee mwenye roho nzuri, alitaka kuwapongeza askari. Bila kumwambia yeyote, akawaficha wapiga ngoma nyuma ya jukwaa. Ngoma zenyewe za turubai. Ya ngozi nani athubutu kuileta? Askari mia mbili wamejipanga, bastola zina risasi, ziko mikiani. Koloneli akainua mguu, ngoma zikalia.

Jamani, askari asikie ngoma za Gitega halafu mkia utulie? Mikia yote ikasimama, ikacheza. Pa! Pa-pa-pa! Bati la jukwaa likawa chujio. Majani ya mikaratusi yakanyesha. Daktari wa kikosi, kobe, akaingia ndani ya gamba lake, na kumtoa ikawa kazi. Hata mkia wa Koloneli mwenyewe ulifyatua mbili, ukamtoboa kofia.

Moshi ulipotulia, kwa bahati hakuna aliyeumia. Ila bastola moja ilikuwa baridi. Koloneli akaja, akainusa.

"We! Ngoma hukuisikia?"

"Niliisikia, Afande." Moyo wake ulikuwa umecheza kuliko wa yeyote pale, ila mkia haukuwa na habari. Angeweza kudanganya, lakini uongo ulikuwa umemchosha. "Mkia si wangu. Ni wa katani. Nimewadanganya." Akaanza kufungua vifungo vya gwanda mbele ya kikosi kizima, machozi yakimtiririka, aibu ikimchoma hadi masikioni.

Koloneli akatazama bati. Akavua kofia, akapitisha ukucha kwenye tundu.

"Funga vifungo, Koplo," akasema taratibu. Kisha akawageukia wengine, akabweka: "Ninyi wote, vueni bastola! Mkabidhini huyu. Mpaka kamati ikae tena, mwenye silaha ni yeye peke yake."

Wakajipanga. Wa kwanza alikuwa Sajini Matata, nyati ambaye tangu zamani hakuwahi kuitikia salamu ya pimbi. Akainama hadi pembe zikagusa vumbi.

"Niweke wapi, Afande?" akamuuliza Gaudensia.