Bitiruti za Kufika Pasaka

Pale kijijini kwa Yavdoha, chini ya milima ya Karpati, mwanamke hakupimwa kwa sura wala kwa mdomo. Alipimwa asubuhi ya Pasaka, vikapu vinapopangwa mstari kando ya ukuta wa kanisa vibarikiwe, na kila mmoja anachungulia cha mwenzake huku akijifanya anasali. Mikate, mayai ya rangi, soseji, siagi, hivyo kila nyumba ilikuwa navyo. Macho yalitafuta bilauri ya bitiruti mbichi iliyokwaruzwa pamoja na ule mzizi mkali unaochoma pua. Na bitiruti yenyewe ilipaswa kuwa ya bustani yako, uliyoing'oa Oktoba ukaitunza chini ya ardhi mpaka theluji iishe. Ya sokoni ilijulikana. Usiulize ilijulikanaje.

Yavdoha, mjane wa miaka sabini na mbili, alikuwa hajakosa bilauri hiyo kwa Pasaka arobaini na tisa, na alihakikisha hakuna anayesahau. Bitiruti zake zilikuwa nyekundu mpaka kukaribia weusi, tamu, na mbegu yake aliirithi kwa mama yake. Kila masika alirudisha ardhini mizizi mitatu iliyo bora ili itoe mabua na mbegu, na nusu ya kijiji ilikuja kuomba. Alitoa kwa ukarimu, pamoja na ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Tekla, usizibananishe kama mwaka jana," alimwambia jirani yake mbele za watu. "Zilitoka kama vidole vya mtoto." Tekla akapokea mbegu, tusi akalimeza.

Kisha ukaja mwaka wa mkosi. Mvua ya mawe ya Julai ilivunja mabua yake yote ya mbegu, na akiba ya nyuma alikuwa ameshaigawa mpaka punje ya mwisho, kwa majivuno tu. Haikumtisha. Bitiruti zenyewe zilikuwa ardhini, zimenona. Oktoba, siku mbili kabla ya kuzing'oa, akapanda ngazi kuchuma tufaha, akaanguka, akavunjika mguu.

Mwanawe, Ostap, alikuwa Poland akijenga nyumba za watu. Aliyebaki nyumbani ni mkewe, Solomia, binti wa mjini Lviv aliyeolewa mwaka uliotangulia, mpole, mchapakazi, ambaye maishani mwake aliijua bitiruti ikiwa ndani ya sahani.

"Nitazing'oa mimi, mama," Solomia alimwambia pale hospitalini. "Wewe pona."

Yavdoha alirudi Desemba kwa magongo. Ghala la chini ya ardhi lilikuwa na ngazi ya vipago tisa, na kwa mguu ule lilikuwa mbali kama Lviv. Akauliza tu zimekaaje.

"Vizuri, mama. Zinang'aa."

Neno hilo lilimkaa vibaya kifuani, lakini akaliacha. Januari, wiki ya pili, Solomia alipanda kutoka ghalani na bakuli, na Yavdoha akanusa kabla hajaona.

"Hebu nipe moja."

Akaigeuza mkononi. Juu ilikuwa imekatwa kwa kisu, bapa kama kifuniko. Mkia ulikuwa umekatwa. Ngozi ilikuwa imeoshwa, haina hata chembe ya udongo, na ilikuwa laini kama tunda lililopondeka.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna. Nilitaka ukirudi uzikute safi. Niliziosha, mama, ndoo kwa ndoo, mpaka vidole vikafa ganzi."

Kijijini kwao mtoto wa miaka minne anajua: majani ya bitiruti hunyongolewa kwa mkono, kikonyo kinabaki urefu wa kidole gumba, mkia hauguswi, udongo unapanguswa kwa kiganja na basi. Iliyokatwa hutoka damu, na iliyotoka damu haivuki Januari. Solomia hakuambiwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu mzima asiyejua jambo hilo.

Yavdoha alifungua kinywa amseme. Maneno alikuwa nayo, ya kutosha mpaka Pasaka. Kisha akakumbuka mavuno ya kabla ya haya, binti huyu alipokuja bustanini na ndoo, naye akamrudisha jikoni akamenye viazi, asije akamharibia bitiruti zake. Akafunga kinywa. Kosa lile lilikuwa na wazazi wawili.

Kuanzia siku hiyo Solomia alishuka kila asubuhi. Yavdoha aliketi juu kwenye mdomo wa ghala, amejifunika blanketi, akitoa amri kuelekea shimoni.

"Nusa. Usizitazame, nusa."

"Hii inanuka kidogo."

"Kidogo ndiyo nyingi. Itoe. Samaki mmoja akioza huoza wote."

Zilizooza nusu walizipika supu wakala mpaka wakazichoka. Nyingine walizimwaga. Solomia alibadilisha mchanga uliofukia bitiruti, akasugua kuta kwa chokaa, akapanda na kushuka mpaka magoti yakavimba, na Yavdoha alimsikia akilia huko chini akidhani haisikiki. Kwaresima ilipoanza zilikuwa zimebaki tatu, ngumu kama mawe, zina vikonyo, zina mikia, zina udongo.

"Hizi mbona hukuzikata?"

"Giza liliingia, kisu kikanipotea kwenye majani," Solomia alisema. "Nikazinyongoa kwa mkono, nikazitupia tu ndani. Nilikuwa nimechoka."

"Kumbe uvivu wako ndio uliotuokoa," alisema Yavdoha, na kwa mara ya kwanza tangu arusi wakacheka pamoja.

Lakini tatu ni tatu. Ijumaa Kuu Solomia aliziweka mezani, kando yake kibao cha kukwaruzia.

"Mama, tukwaruze moja tu. Utaingiaje kanisani bila bilauri?"

"Mama yangu alisema moja haizai, mbili hugombana, tatu ndiyo nyumba. Nikila moja, mbegu imekwisha."

"Si tutaomba mbegu kwa wale uliowagawia?"

"Za kwao zimeshachanganyika na za dukani."

"Basi tukamwombe Tekla bitiruti ya kula."

"Bora nile theluji."

Yavdoha aliishika ile kubwa kuliko zote, akaigusisha kwenye kibao, akakaa hivyo. Pasaka arobaini na tisa. Alitamani ya hamsini. Mwishowe akaiweka chini.

"Zirudishe mchangani."

Asubuhi ya Pasaka alikwenda na magongo yake, Solomia amebeba kikapu. Walipofunua kitambaa chenye nakshi, mnong'ono ukapita ukutani kutoka kikapu hadi kikapu. Tekla aliungojea wakati huu miaka mingi.

"Shoga, bilauri umeisahau nyumbani?"

"Sikusahau. Sina," alisema Yavdoha. Aliyasema polepole, kwa kuwa yalimuuma. "Zimeoza. Nilizihifadhi vibaya."

Solomia angeweza kunyamaza, na aibu ingepita juu ya kichwa chake kama wingu. Akasogea mbele.

"Si yeye. Alikuwa hospitali. Ni mimi niliyeziosha, nikazikata kwa kisu, juu na chini."

"Kwa kisu," mmoja akarudia.

"Na sabuni ulitia?" Tekla akauliza, na kicheko kikaenda mstari mzima.

Uso wa Solomia ulikuwa mwekundu, lakini hakuinamisha kichwa. Yavdoha alimtazama, akajitayarisha kuona aibu, aibu haikuja. Kilichompanda kifuani kilikuwa kile kile kilichompanda kila Pasaka, ila safari hii hakikutoka kwenye bilauri.

"Chekeni," alisema. "Hakuna hata mmoja hapa ambaye ghala lake halijawahi kuoza, mkasingizia panya. Wewe Tekla, panya wako wa mwaka juzi walikula gunia zima na hakuna aliyewaona. Huyu amesema mwenyewe, mlangoni mwa kanisa, na hakuna aliyemuuliza. Majira yote ya baridi ameshinda shimoni akinusa uozo, mpaka akaiokoa mbegu ya mama yangu. Mimi sijawahi kuokoa kitu. Nilikuwa natunza tu."

Tekla akaanza kurekebisha kitambaa cha kikapu chake, ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Mwakani mkitaka mbegu," Yavdoha akaendelea, "kwangu msije. Mwombeni Solomia. Akikunyima, kakunyima."

Padri alikuwa anakaribia na maji ya baraka. Solomia aliinama sikioni mwa mama mkwe wake.

"Mama, hata sijui zinapandwaje."

"Najua hujui," alisema Yavdoha, akaliachia gongo moja, akamshika mkono. "Simama wima. Wanatutazama."