Muhuri wa Meli ya Calder

Msinione mwehu. Mie Myrtle Haugen nimekusanya mihuri ya manowari tangu usichana, na hapa bandarini Bremerton wananijua kwa ubishi, si kwa ndoto.

Mchezo wetu ni huu. Unaandika anwani yako mwenyewe kwenye bahasha tupu, unabandika stempu, unaituma kwa karani wa posta aliyeko melini. Yeye anaigonga muhuri wa meli na kukurudishia. Ukiwa na ombi, unaliandika pembeni kwa penseli: tarehe unayoitaka, au jina la mahali la kupachikwa katikati ya mistari ya muhuri. Karani akishalitimiza, analifuta kwa kifutio. Nawe unashukuru kwa kutuma bahasha nyingine. Ombi halinyimwi, ndiyo adabu yetu.

Mume wangu Orrin nilimpata hivyo hivyo. Alikuwa karani wa posta wa manowari Calder, na aligonga bahasha zangu kwa unadhifu mpaka nikatamani kumwona. Calder ikazama vitani na watu wake wote. Nililia hadi nikachoka. Walt Sorley, mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanya mihuri, akaniposa nikakubali. Harusi ni Jumamosi hii inayokuja.

Majira ya kuchipua ikaja bahasha, moja ya zile nilizomtumia Orrin kabla meli haijazama. Mwandiko wangu, muhuri wa Calder, tarehe ya juma lile lile. Katikati ya mistari: Bahari ya Ufilipino, kule ilikozama.

Nikampelekea Walt. Alicheka, akasema kuna mshenzi anatutania, muhuri wa mpira hata mtoto anachonga. Kisha akashika lenzi na kicheko kikamkatika. Herufi R ilikuwa imevunjika mguu. Orrin aliuangusha muhuri wake siku ya kwanza kazini, akaona aibu, hakumwambia mtu ila mimi na Walt.

Ya pili ikasema Honolulu. Ya tatu ikasema Cape Flattery, pale meli zinapokunja kuingia kwetu. Walt aliweka lenzi mezani.

"Myrtle, wewe unamjibu?"

"Nashukuru tu, kama kawaida."

"Unamshukuru marehemu? Na kwa penseli umeandika nini?"

Nilitazama chini. Kwenye ile ya mwisho nilikuwa nimeandika: Nyumbani.

Walt alitoka mbio kwenda posta kuizuia. Wakamwambia barua zote za Calder hurudishwa kwa waliozituma. Ile yangu haikurudi.

Leo ni Jumapili, posta haipiti. Nimetoka kanisani mchana huu na Walt, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe, nikaikuta mezani jikoni. Wino ulikuwa mbichi, ukanichafua kidole. Katikati ya mistari: Nyumbani. Penseli yangu ilikuwa imefutwa safi, na chengachenga za kifutio bado zilikuwa juu ya meza.

Chini yake kulikuwa na bahasha nyingine, haijagongwa, haina stempu. Huu sasa mwandiko wa Orrin: Myrtle Haugen, ndani ya Calder. Pembeni, kwa penseli, tarehe ya Jumamosi ya harusi.

Walt aliisoma, akatoa kiberiti. Akaniambia niichome sasa hivi, mbele yake.

"Mimi niko hai, Myrtle. Mimi ndiye niliye hapa."

Kweli tupu. Walt ni mwema, na siwafichi, naogopa. Lakini nimemkumbuka Orrin mpaka mifupa inauma, na katika miaka yote ile hakuninyima ombi hata moja.

Nimemwomba Walt akaningoje barazani. Namsikia anatembea huku na huku akivizoesha viatu vyake vipya vya harusi. Stempu nimeshaibandika. Ombi lake nimelikubali; sasa natafuta kifutio.