Mtu wa Mbari

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Asiyesadiki apande mtaa wa Kabeza, Kigali, aulize kwa mzee Melchior. Ataonyeshwa nyumba hata na mbuzi.

Ukungu ulikuwa umemeza vilima vyote vya upande wa pili, na wazungu wastaafu waliohamia Kigali kwa ajili ya ubaridi wake walikuwa wamejifungia majumbani. Keith peke yake ndiye aliyetoka. Alikaa barazani kwa Melchior, shingo imekonda ndani ya kola.

Melchior alikwisha kumzoea. Tangu aache udereva, kazi yake ilikuwa kuwatungia wageni uongo: kwamba babu yake ndiye aliyewafundisha korongo kucheza, kwamba mvua ikizidi kilima chao hujisogeza kikalale bondeni. Watalii walicheka, wakapiga picha, wakaenda zao. Keith alirudi kila jioni, akisikiliza kwa makini kama mtu anayemeza dawa.

Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na habari. Daktari alimwambia maradhi yameshinda tiba, kisha akamuuliza ana nani wa kumzika.

"Nikamjibu nina mbari yangu, Kabeza," alisema. "Si ulinipokea mwenyewe, mzee mwenzangu? Ulisema mbele ya watu: huyu Keith ni mtu wa mbari."

Melchior alianza kucheka, akaacha katikati. Mlangoni, binti yake Ariane aliacha kuchambua maharage. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Baba yake alikulia Burundi, na ulimi wake haukuwahi kutofautisha r na l. Alichosema siku ile, tena kwa kejeli, ni kwamba mzungu ni mtu wa mbali. Lakini Keith alijifunzia Kiswahili Tanzania, kila herufi mahali pake. Alisikia ukoo.

"Mwambie, papa," Ariane alinong'ona kwa Kirundi.

Melchior aliona aibu ikimpanda kama homa. Amedanganya nusu ya dunia bila kupepesa jicho, na leo ukweli wa herufi moja ulikuwa mzito kuliko uongo wake wote. Hata hivyo alijikaza.

"Keith, sikiriza. Siku ire sikusema mbari. Nirisema..." Alitafuta neno, akalisukuma kwa nguvu. "Mbari."

"Ndiyo," Keith alisema, akatabasamu. "Mbari."

Melchior alijaribu tena, likatoka lilelile. Ariane angeweza kumsaidia. Alifungua kinywa, akautazama uso wa mgonjwa, akakifunga.

"Sasa niambie," Keith alisema, "sisi huzikwa wapi?"

Ariane alingoja kusikia mlima unaotembea, au pango la wafalme.

"Makaburini, njia ya Kabuga," Melchior alijibu. "Karibu na mke wangu Épiphanie. Iko nafasi moja."

Ariane aliinua uso ghafla. Nafasi ile baba yake alijiwekea mwenyewe, na kila Jumapili alikuwa akiipalilia kama shamba. Melchior hakumtazama.

Keith aliifikiria nafasi hiyo, akavuta sweta lake. Aliuliza huyo Épiphanie alikuwa mtu wa namna gani, maana si vizuri kulala jirani na mtu usiyemjua.

Melchior alivuta pumzi kama anavyofanya kabla ya kisa kirefu. Kisha akaiachia.

"Mkari," alisema. "Hakuniamini hata siku moja."